Siku Nilipompasisha Koko kwa Munganga

Fiston na Kevine, naanza na ujinga wangu. Nimeona watu wakistaafu wanaanza kwa kumshukuru Mungu na wakubwa wa kazi, halafu ujinga wao wanauficha kwenye ukurasa wa arobaini, ambako hakuna anayefika. Mimi nauweka hapa juu. Nilimsaidia Koko kukopia mtihani kwa munganga, yaani daktari. Babu yetu alikuwa anapimwa akili, mimi nikiwa mkalimani, na kila jibu alilokosa nililitafsiri likiwa limeshapona. Alipata karibu yote. Nimewasaidia wanafunzi wengi darasani kwetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupata alama kama zile.

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Msicheke. Kazi ya kumwangalia Koko niliifanya tangu mwaka wa pili wa sekondari mpaka mwezi uliopita, mlipompokea ninyi huko Mururu. Mishahara na kupandishwa vyeo siongelei, sababu mnazijua. Nawaandikia katika daftari langu la hesabu, lililokuwa na kurasa nyingi safi, na profesa wangu wa sekondari anajua kwa nini. Sitaki muingie kazini gizani kama nilivyoingia mimi. Maman yenu, yaani Tantine Gaudence, dada mkubwa wa papa yangu, atatokea humu mara kadhaa. Mkimsomea kwa sauti, mtajua wenyewe kurasa za kuruka.

Kwanza mjue tulifikaje pale. Koko alikuwa mshonaji. Alishona miaka mingi Bukavu, akavuka mpaka akarudi nchini kwetu na cherehani yake kichwani, akaendelea kushona Kamembe. Mkewe alipofariki akahamia kwetu, karibu na uwanja wa ndege. Nyumbani tulikuwa watatu: Koko, Maman na mimi. Papa anaendesha lori, na nyumbani huwa anapita kama mgeni wa heshima, anapewa kiti kizuri na kuku, kisha anaondoka.

Dalili ya kwanza ilikuwa koti. Koko alimshonea bwana harusi mmoja koti lenye mikono miwili ya kushoto. Bwana harusi akalivaa hivyo hivyo maana misa ilikuwa imeanza, na katika picha zote anaonekana kama mtu anayesimamisha moto, pikipiki ya abiria, barabarani. Tukasema ni macho. Koko akanunuliwa miwani. Akawa anaona vizuri kabisa, na suruali iliyofuata ikatoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Cherehani ikafunikwa kitambaa, tukasema sasa mzee anapumzika.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mnajua mzee wa kwetu anavyotakiwa kumpokea mtu. Kukwambia karibu hakutoshi. Lazima akutaje jina, akutajie baba yako, akuulize kilima chenu kimeamkaje na kama mguu wa mama yako umepona. Mzee asipokujua, husemi amesahau, unasema amekutukana. Siku hiyo alikuja Mzee Laurent wa huko kwenu, rafiki wa Koko tangu wakiwa vijana Bukavu. Koko akamtazama kama anavyotazamwa polisi. Mkono wa Mzee Laurent ulikuwa tayari hewani. Maman alikuwa anaona yote kutoka jikoni. Akaniita, akanipa kiti cha mbao, akaniambia kwa sauti ya chini, "Peleka kiti. Na kama unaweka kiti, weka na jina."

Nikatoka na kiti na mdomo wazi: karibu Mzee Laurent, kaa hapa Mzee Laurent, Mururu hawajambo, na Maman Odette mguu umepona? Koko akadaka pale pale. "Eh, Laurent," akasema, "na Odette, ule muguu?" Mzee Laurent akakaa akiwa ameshiba heshima. Maman akarudi kwenye sufuria yake bila hata kunitazama, na ndivyo nilivyojua kwamba nimefanya vizuri.

Basi huyo ndiye mwalimu wangu wa kazi. Mbinu zote ni zake. Jina lazima lifike kabla ya mkono. Usimtazame Koko unapolisema, la sivyo mgeni ataelewa. Sema kwa sauti ya mtoto mwenye adabu tu, jambo ambalo kwa upande wangu liliwashangaza majirani sana. Walimwambia Maman kwamba nimebadilika, nimetulia. Shuleni, mkurugenzi wa nidhamu aliposikia habari hizo aliomba ushahidi. Baada ya miezi miwili nilikuwa fundi. Padri, wajumbe wa mtaa, mashemeji kutoka Bukavu, wote walipita pale na wote waliondoka wakisema mzee yupo imara. Maman alikuwa akinipa sambaza, wale samaki wadogo, wengi zaidi kwenye sahani, basi, na hatukuzungumzia kabisa tulichokuwa tunafanya. Tulimfunika Koko kama alivyokuwa akifunika cherehani yake.

Kesi ngumu ya kwanza nilishindwa. Koko aliniuliza mkewe yuko wapi. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtu wa ukweli siku hiyo, nikamwambia alikufa, tulimzika. Alilia kama mtu anayeletewa habari sasa hivi, kwa sababu kwake ilikuwa sasa hivi. Alipotulia akauliza tena. Nikamwambia tena. Mara ya tatu Maman alitoka na mwiko mkononi na sikueleza zaidi. Tangu hapo mke wa Koko yuko sokoni. Akiuliza kwenu, yuko sokoni, amekwenda kutafuta ndizi, atarudi. Msiongeze neno.

Ndipo Papa akapiga simu, akasema apelekwe hospitali apimwe. Kituo cha afya kikatupa karatasi ya kutupeleka mbele, na siku moja ya juma nikakosa shule kwa idhini, mara ya kwanza maishani. Tulikwenda watatu. Maman akapanga foleni dirishani na kitabu cha mituweli, bima yetu ya afya. Sisi tukakaa kwenye benchi, na mlango wa munganga ulikuwa pazia tu. Kila kilichosemwa ndani kilisikika nje. Aliyetutangulia alikuwa bibi mmoja na mwanawe. Tulimsikia bibi anashindwa siku, anashindwa mwezi, anasema yuko kwenye ndoa ya mdogo wake. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, maana nilizoea kuwa wa kwanza. Mwanawe alipotoka amemshika mama yake mkono hakumtazama mtu. Kuna aliyesema, "Ule ni musazi, masikini."

Na mwisho wa benchi, amembeba mdogo wake mwenye kikohozi, alikuwa amekaa Solange wa darasani kwetu. Solange ni mtu ambaye habari ikimfikia saa nne, saa sita iko Bukavu inakunywa chai. Alinipungia mkono. Nikaanza kuona jina langu jipya likiandikwa ubaoni: mjukuu wa musazi, mjukuu wa kichaa. Miye niliyewapa wenzangu majina karibu wote.

Tukaitwa kabla ya Maman kumaliza foleni.

Munganga alikuwa kijana wa kutoka upande mwingine wa nchi, mpole, macho mekundu ya kukesha. Aliongea Kinyarwanda na Kifaransa. Na Koko, siku zile, Kinyarwanda kilikuwa kimeshamtoka, Kifaransa kikakifuata, akabaki na Kiswahili cha Bukavu na matusi ya Kimashi. Munganga akaniuliza kama naweza kutafsiri. Nikasema naweza, bila shaka.

Akauliza ni mwaka gani. Koko akafikiri, akasema, "Ni ule wenye kufuata ule mwingine." Nikataja mwaka. Akauliza tuko wapi. Koko akasema tuko kwa fundi, tunangojea mashine itengenezwe, na fundi mwenyewe ni mwizi. Nikasema tuko hospitali, wilaya ya Rusizi. Munganga akamtajia vitu vitatu, maji, kiti na jua, akamwambia avitunze. Baadaye akavidai. Koko akaniambia huyu kijana ameniletea vitu vyake hapa, sasa anavidai kwangu, si avitafute mwenyewe? Nikasema: maji, kiti, jua. Nilisema polepole, kama mzee anayekumbuka, nikaweka hata kusitasita kidogo kabla ya jua. Hapo ndipo palikuwa na ufundi. Akaulizwa mia ukitoa saba, Koko akajibu tisini na tatu bila kupepesa, kwa sababu alikata vitambaa maisha yake yote. Hilo lilikuwa lake. Naliandika ili apate haki yake.

Munganga akaandika kwa Kifaransa kwamba kumbukumbu zinalingana na umri, hakuna dalili ya ugonjwa, akagonga muhuri. Koko akaniuliza kama amepasi. Nikamwambia amepasi. Akatoka nje akasalimia benchi zima kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka Solange na mdogo wake mwenye kikohozi. Katika siku za furaha za kazi yangu yote, ile ndiyo ya kwanza.

Maman alisoma karatasi ile akiwa amesimama, kisha akaisoma tena. Akaniuliza kama Koko alijibu mwenyewe. Nikasema alijibu mwenyewe. Akakunja karatasi, akasema basi labda ni uzee tu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba kitu anachokiona hakipo.

Tantine Gaudence aliposikia, alikuja kutoka Mururu kuichukua ile karatasi. Akaiweka kwenye plastiki. Alisema karatasi ya baba haiwezi kukaa kwenye nyumba yenye moshi.

Mvua zilipoanza, Koko akaanza kuficha chakula. Nilikuta bugali chini ya godoro, nikamwambia Koko unafungua duka? Nikacheka peke yangu. Kisha akaanza kunusa sahani. Kisha, siku moja wageni wakiwepo, akaisukuma sahani na kusema yule mwanamke wa jikoni anamtilia kitu. Akakitaja na jina: karuho. Mnaijua karuho, hata kama mnakatazwa kuitamka. Ni sumu ile ya kwetu ambayo haikuui leo, inakuua mwezi ujao ukiwa umesahau ulikula kwa nani. Mwanamke akishapakwa neno hilo, sabuni ya kulitoa haijauzwa bado.

Wageni waliacha soda zao zikiwa nusu.

Mambo hayo yakafika Mururu kabla ya jioni. Tantine akaja na shemeji wawili na ile plastiki. Tukakaa sebuleni. Maman akajaribu kueleza kwamba baba anaumwa, kwamba tangu zamani anasahau, kwamba majina yote tunampa sisi. Tantine akamwacha amalize. Kisha akatoa karatasi, akaiweka mezani akailainisha kwa kiganja.

"Munganga ameandika akili ya papa ni muzima," akasema. "Sasa muntu mwenye akili muzima akisema wananipatia sumu, tunamuita nani? Tunamuita shahidi."

Maman akanigeukia. Hakuwa na mashaka nami, na hilo ndilo baya. Alinigeukia kama mtu anavyogeukia ukuta wa nyumba yake auegemee. Akasema, "Si weye njo ulikuwa ndani naye. Baambie. Alijibu mwenyewe?"

Nilitazama ile karatasi. Niliwaona shemeji wawili, nikamwona Tantine na midomo yake imebanwa, nikaona na shule nzima nyuma yao. Nikasema, "Alijibu mwenyewe."

Kutoka siku hiyo nilipata kazi ya pili: muonjaji. Mnajua hata pombe ya arusi mwenye nyumba anaanza kuonja ndipo anampa mgeni. Tantine akaamuru kila sahani ya Koko ionjwe mbele ya mzee mwenyewe, na Maman asiwe yeye, maana mchawi hafi kwa sumu yake. Nikawa mimi. Asubuhi kabla ya shule, mchana nikirudi, na jioni. Nakaa mbele ya Koko, nachota katikati ya sahani, wala si pembeni, natafuna, nameza, nafungua mdomo aone. Maman anasimama mlangoni mwa jiko anaangalia mwanawe anaonja chakula chake kama polisi wa mpakani. Nilijaribu utani. Nilijifanya nakufa mara moja, nikaanguka na kijiko. Koko akapiga kelele mtaa mzima, na mtaa mzima ukaja, na Maman akalazimika kusimama katikati ya majirani akisema mwanangu anacheza. Sikurudia.

Nilinenepa. Hiyo ndiyo faida pekee ya kazi ile na sikuiomba.

Haikusaidia hata hivyo. Koko alipoona sifi akasema mtoto huyu mama yake amemlisha dawa ya kujikinga. Tantine akaanza kumletea chakula kutoka Mururu kwa moto, ile pikipiki, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Kinafika kimepoa, kimemwagika nusu kwenye mapaja ya mwenye moto. Koko akala kidogo, akapungua. Na alipopungua watu wakasema mnaona, sumu imeanza kazi.

Nawaambia jinsi ilivyokuwa kwa Maman kwa kitu kimoja tu, mengine myaache. Kulikuwa na komunyo ya mtoto wa jirani. Wamama wa kwaya waligawana kupika, kila mmoja sufuria yake, kama kawaida. Maman akapika sombe, majani ya muhogo. Mnaijua sombe yake, hata maman yenu alikuwa akiomba afungiwe. Akaipeleka asubuhi. Mchana sufuria ikarudishwa na mtoto mdogo aliyesema ametumwa tu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na kile kile kitambaa, fundo lile lile alilofunga yeye. Maman hakulifungua. Alitoka nayo nyuma ya nyumba akamwaga yote, akaosha sufuria, akaisugua kwa mchanga muda mrefu, ilhali haikuwa imeungua.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi na daftari hili hili magotini. Neno moja lilikuwa linatosha. Nilikuwa nalo mdomoni, na nikaona nimwulize kwanza kama kuna chai.

Kisha Papa akapiga simu. Alikuwa ameongea na dada yake. Akasema ingefaa Maman aende kwao Bweyeye akapumzike kidogo. Papa ni mtu wa barabara, anajua Bweyeye ni wapi: gari likishakuacha kuna miguu, na miguu ikishakuishia kuna msitu. Mwanamke akitumwa kupumzika huko na jina la karuho mgongoni, harudi. Maman akasema sawa. Akaanza kukunja nguo zake juu ya kitanda, za juma moja, kisha akaongeza sweta mbili.

Hapo nilifanya kitu, na msinisifu maana nilikifanya kwa mlango wa nyuma. Badala ya kusema ukweli nyumbani, nilikwenda kituo cha afya kumtafuta muuguzi anayeshughulika na wagonjwa wa akili. Nilimweleza habari ya bugali chini ya godoro, koti la mikono ya kushoto, mke aliyeko sokoni na sumu. Kila kitu, isipokuwa sehemu yangu. Alinisikiliza bila kuandika. Akasema kushuku sumu kunaweza kuwa ugonjwa wenyewe unaongea, mleteni, kuna munganga wa ubongo anakuja hospitali Alhamisi. Nikamwambia Maman. Akakaa juu ya kitanda karibu na nguo zake. Akasema nitampeleka, halafu nitaenda. Tantine akasema na yeye atakuja, na plastiki yake.

Munganga wa safari hii alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Akamsalimia Koko kwa Kiswahili cha Uvira, cha mtu aliyekua nacho. Koko akafurahi kama amekutana na mdogo wake. Mimi nikasimama karibu na kiti, mahali pangu pa kazi. Yule mama akanitazama mara moja tu. "Weye kijana, kaa kule nyuma yake," akasema. "Na mudomo ukae nawe."

Maswali yalikuwa yale yale. Kila Koko alipoulizwa alianza kujibu, akakwama, akageuza shingo upande wangu wa zamani. Akakuta ukuta. Mwaka hakuujua. Mahali akasema ni kwa fundi. Akapewa karatasi achore saa. Akachora duara nzuri, mkono wa mshonaji haukutetemeka hata kidogo, kisha akaziweka namba zote upande mmoja, zikarundikana kama watu kwenye mlango wa kanisa. Aliitazama. Alijua kuna kitu hakipo sawa na hakujua ni kipi. Akaweka kalamu chini, akamwuliza munganga, kwa heshima, "Maman, ule kijana iko wapi? Ule anajuaka."

Nilikuwa mita moja nyuma yake.

Walimtoa damu wapime magonjwa mengine yanayoweza kufanana na huo. Tukangoja. Majibu yalipotoka safi, yule mama akatuambia wote, taratibu, kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, wanaouita demansi. Wala si uchawi, si laana, si wazimu. Hautarudi nyuma. Dawa inaweza kumtuliza, haitamrudisha. Na huko kushuku chakula, kushuku kuibiwa, mara nyingi ndivyo unavyokuja, na mara nyingi huwa kwa yule anayemhudumia kila siku, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Alipofika hapo alikuwa anamtazama Maman.

Tantine akatoa karatasi yake. Munganga akaisoma, akavuta na faili, akasoma majibu ya mara ya kwanza moja baada ya jingine. Akavua miwani.

"Mzee huyu hakujibu hivi," akasema. "Nani alitafsiri?"

Sakafu ya chumba kile ina vigae kumi na nne kutoka ukutani hadi mezani. Nilivihesabu, kisha nikasema ni mimi. Nikasema na mengine: benchi, Solange, maji, kiti, jua. Sikuweka utani, haukuja. Tantine hakupiga kelele. Alichukua ile karatasi mpya akaikunja pamoja na ile ya zamani, akazitia zote kwenye plastiki moja. Kisha akamwambia Maman, si mimi, "Kumbe mutoto njo wa mama yake."

Hiyo ndiyo pole aliyoitoa. Kama ipo nyingine, imepotelea barabara ya Mururu.

Maman akamletea Koko koti lake atoke. Koko akalikataa, akauliza huyu mwanamke amepaka nini humo. Basi mwelewe, karatasi ilikuwa imemsafisha Maman kwa watu wote wanaojua kusoma, na Koko hakuwa mmoja wao tena. Munganga akashauri akae mahali ambako hana hofu. Ndivyo alivyokuja kwenu. Papa akapiga simu jioni ile, akasema Maman asihangaike kwenda Bweyeye, abaki tu. Kama vile safari aliiomba yeye. Wamama wa kwaya wamemrudisha kwenye kuimba. Kwenye kupika, wanamwambia apumzike, amechoka sana mwaka huu.

Sasa kazi ni yenu, na haya ndiyo ninayoyajua. Msibishane naye, mtashindwa na mtakuwa mmemtesa. Mpeni mkanda wake wa kupimia, upo kwenye mfuko wa shati la bluu. Atapima mlango, mbuzi na ninyi, na akipima anatulia. Mwambieni ni asubuhi au jioni kabla hajauliza. Wageni wakija, wekeni kiti na jina, lakini mgeni akishaondoka semeni ukweli kwa maman yenu na kwa munganga, bila kurembesha. Na siku atakaposema maman yenu anamtilia kitu, maana siku hiyo inaweza kufika, msimcheke Tantine. Mimi nimejikataza, na sijui kama nitaweza.

Kimebaki cha mwisho. Siku ya hospitali Maman hakunisemesha njiani wala nyumbani. Kesho yake vilevile. Alinipa chakula, alinifulia sare, alipita karibu nami kama mtu anayepita karibu na meza. Siku ya tatu shemeji walikuja wakamchukua Koko na kitanda chake. Nyumba ikawa na nafasi kubwa mno. Mchana nilimkuta jikoni anasonga bugali, nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno, mengine mazuri kabisa, sikuyafikisha popote. Aliendelea kusonga mpaka ikaiva, akaipakua, akaifunika. Kisha akaongea, mgongo ukiwa kwangu. Naandika alivyosema, sikuongeza na sikutafsiri:

"Mwaka muzima ulinipitiaka hapa jikoni asubui, unajua yote, ukanisalimia. Kila asubui. Bon, kuya ukule, bugali inapoa."